HOTUBA YA TAWI: MIAKA 15 YA KURA YA MAONI, NA KURA ILIYO MBELE YETU

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*

Hii ni hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Tawi katika kikao cha wanachama, Alhamisi 31 Julai 2025, baada ya sala ya alasiri. Tunaituma yote kama ilivyosomwa, kwa ajili ya waliokuwa baharini, waliokuwa kazini, wagonjwa, na wenzetu walioko nje ya Visiwa. Mwenye simu amsomee asiye nayo.

*Bismillahir Rahmanir Rahim.*



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunawaombea rehema wenzetu waliotangulia, khasa wale tuliokuwa nao kwenye foleni ya kura siku kama ya leo mwaka 2010 na leo hawapo.

Ndugu wanachama, kikao chetu kilichopita hakikwisha vizuri. Nyote mnajua. Palitolewa kauli tatu na kila moja ilikuwa na watu wake. Wa kwanza walisema Oktoba hii hawaendi kupiga kura kwa sababu wameshachoka. Wa pili walisema watapiga kura, lakini hawataki kusikia tena habari ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, kwa sababu maridhiano yamewanufaisha viongozi tu. Wa tatu, na huyu alikuwa kijana mmoja tu, aliuliza: "Hiyo kura ya maoni mnayoisifu ilifanyika mimi nina miaka mitano. Mimi imenipa nini?"

Kamati ilikaa mara mbili juu ya mambo hayo. Tumeona tusiwajibu kwa kuwakemea. Tumeona tukumbushane tulikotoka, kwa tarehe na kwa hesabu, kisha kila mtu aamue akiwa anajua.

*1. TULIKOTOKA*

Uchaguzi wetu wa kwanza baada ya kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi ulifanyika Oktoba 1995. Matokeo ya urais wa Zanzibar yaliyotangazwa yalikuwa asilimia 50.2 kwa Dk. Salmin Amour wa CCM na asilimia 49.8 kwa Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Nchi iligawika nusu kwa nusu, na sheria ya wakati ule ilisema nusu moja itawale na nusu nyingine ikae nje.

Wazee mliopo hapa ndio mashahidi wa yaliyofuata. Majirani walisusiana. Mtu alipita duka la karibu akaenda la mbali kwa sababu ya chama cha mwenye duka. Watu hawakuzikana. Harusi zilivunjika, ndugu wa tumbo moja hawakuamkiana, na msikiti mmoja uligeuka miwili. Khasa Pemba, lakini na Unguja pia.

Ukaja uchaguzi wa 2000 na mgogoro wake. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 watu waliandamana, na zaidi ya watu 30 waliuawa. Zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwa vyombo vidogo hadi Shimoni, Kenya. Wazanzibari wakawa wakimbizi kwa sababu ya uchaguzi. Baadhi ya waliovuka wana jamaa zao humu kikaoni.

Viongozi walikaa mezani. Ulikuwapo Muafaka wa 1999, ukafuata wa Oktoba 2001. Yote miwili ilitiwa saini na viongozi wa vyama, na yote miwili ilikwama kwenye utekelezaji. Makubaliano ya wakubwa wawili yanaweza kuvunjwa na mkubwa mmoja. Hilo tulilisoma kwa gharama.

*2. KURA YA MAONI ILIVYOPATIKANA*

Kijana wetu aliyeuliza, hapa tunakuomba usikilize vizuri.

Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Butiama, ikasema habari ya kugawana madaraka Zanzibar irudishwe kwa wananchi kwa kura ya maoni. Sisi upande huu tulikasirika. Tulisema hiyo ni njia ya kuchelewesha jambo lililokwisha kuzungumzwa. Huenda kweli ilikuwa na nia hiyo. Lakini Mungu ana mambo yake: kile tulichokiona kizuizi ndicho kilichokuja kuwa ngome yetu.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar. Siku mbili baadaye Maalim alikwenda Kibandamaiti kuwaeleza wanachama wake kwamba sasa wanamtambua Karume kuwa ni Rais. Wapo humu waliokuwapo uwanjani siku ile. Watu walinung'unika, wengine walizomea, wengine waliondoka wakisema wameuzwa. Kwa hiyo wewe unayesema leo kwamba umechoka na maridhiano, hujawa wa kwanza. Wengi wetu tunaosoma hotuba hii tulikuwa miongoni mwa walionuna Kibandamaiti.

Januari 2010 Baraza la Wawakilishi likapitisha hoja iliyoletwa na Mheshimiwa Abubakar Khamis Bakary, kiongozi wa upinzani Barazani, ya kuwaendea wananchi. Ikaundwa Kamati ya watu sita ya vyama vyote viwili, chini ya Mheshimiwa Ali Mzee Ali, kusimamia mambo. Ikatungwa sheria ya kura ya maoni. Na Jumamosi ya tarehe 31 Julai 2010 tukapanga foleni.

Karatasi ilikuwa moja tu. Haikuwa na picha ya mgombea wala rangi ya chama. Iliuliza jambo moja: unakubali au hukubali kuwe na muundo wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa baada ya uchaguzi mkuu wa mwaka ule. Ndiyo au Hapana.

Waliojitokeza walikuwa asilimia 71.9 ya walioandikishwa. Ndiyo ilipata asilimia 66.4. Hapana ilipata asilimia 33.6. Kwa lugha ya barazani: katika kila watu kumi, saba walikwenda, na katika kila watatu waliopiga, wawili walikubali.

Agosti 2010 Baraza likapitisha Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar ya 1984. Cheo cha Waziri Kiongozi kikaondoka. Wakawekwa Makamu wawili: Makamu wa Kwanza wa Rais anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili, Makamu wa Pili anatoka chama cha Rais na ndiye msimamizi wa shughuli za Serikali Barazani. Mawaziri wakagawiwa kwa uwiano wa viti. Na mabadiliko yale yale yakaweka kwamba vifungu vya msingi vilivyotajwa humo haviwezi kubadilishwa na Wawakilishi peke yao bila ya kurudi kwetu kwa kura ya maoni.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la kijana wetu. Ilikupa haki ya kwamba hata ukishindwa, hufukuzwi katika nchi yako. Na ilikupa haki ya kuulizwa kwanza kabla ya mtu kuibadilisha.

*3. WALIOSEMA HAPANA*

Tunataka tuseme neno kuhusu theluthi moja waliosema Hapana, kwa sababu kwenye mitandao tumeona vijana wetu wakiwatukana.

Pemba ilikubali kwa wingi mkubwa. Unguja zilikuwapo sehemu ambazo Hapana ilikuwa na nguvu. Wale ni wananchi wenzetu. Wapo walioogopa kwamba Mapinduzi yanauzwa, na wapo walioogopa juu ya mashamba ya eka tatu waliyogawiwa wazee wao. Unaweza kusema hofu yao haikuwa na msingi, lakini ilikuwa hofu ya kweli na ilikuwa inatoka kwa watu wanaoishi nyumba ya tatu kutoka kwako. Hawakupiga mtu wala hawakuchoma nyumba. Walikwenda kituoni, wakatia alama yao, wakashindwa, wakarudi majumbani. Hayo ndiyo tunayotaka tufanyiwe sisi tukishinda, na tuyafanye sisi tukishindwa kwa haki.

*4. HESABU ILE ILE, MATOKEO MENGINE*

Miezi mitatu baadaye, tarehe 31 Oktoba 2010, tukaenda kwenye uchaguzi mkuu. Matokeo: Dk. Ali Mohamed Shein asilimia 50.1, Maalim Seif asilimia 49.1. Tofauti ilikuwa chini ya kura 4,000. Viti vya majimbo, CCM 28 na CUF 22.

Linganisheni na 1995. Hesabu ni karibu ile ile. Nchi nusu kwa nusu. Lakini mwaka 1995 tulipata miaka ya kususiana, na mwaka 2010 watu walilala. Wapo waliolia, wapo walioona wamedhulumiwa, na Kamati haiwezi kuwaambia kwamba hawakuwa na sababu. Lakini Maalim alikubali matokeo, walipeana mikono na Dk. Shein, na mwezi wa Novemba akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Hakuna aliyevuka kwenda Shimoni.

Watu walikuwa wale wale, na vyama vile vile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii aliyeshindwa alikuwa na pa kukaa, na mahali hapo alipewa na wananchi tarehe 31 Julai.

*5. MAKOSA YETU*

Sasa tujiseme na sisi, kwa sababu hotuba ya kuwalaumu wengine peke yao haina faida.

Kati ya 2010 na 2015 tawi letu lililala. Viongozi wetu walikuwa Serikalini, tukadhani kazi imekwisha. Ofisi ya tawi ilitiwa kufuli mpaka bawaba zikashika kutu. Michango ilikoma. Daftari la wanachama liliandikwa mara ya mwisho 2011. Mtu alipopata shida alikwenda kumtafuta mheshimiwa mjini badala ya kuja tawini. Kauli ya kwamba maridhiano yaliwanufaisha viongozi tu ina ukweli ndani yake, na sehemu ya ukweli huo ni kwamba sisi wa chini tuliacha kuuliza.

Ukaja uchaguzi wa 25 Oktoba 2015. Tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume akatangaza kuufuta wote. Uchaguzi wa marudio ukawekwa 20 Machi 2016, na chama chetu cha wakati ule kikaamua kutoshiriki. Kamati hii haitaki kufungua upya kesi ya uamuzi ule. Waliouamua walikuwa na hoja, na sisi wote tuliuunga mkono kwa moyo mmoja. Tunachotaka ni kila mwanachama ajue hesabu yake.

Katiba inasema nafasi ya Makamu wa Kwanza inahitaji chama kilichopata angalau asilimia 10 ya kura za urais. Machi 2016 Dk. Shein alitangazwa kwa asilimia 91.4, na hakuna chama kingine kilichofika kumi. Kwa hiyo kiti kile tulichokipigia kura ya maoni kilikaa kitupu hadi 2020. Sheria ilikuwapo. Asilimia 66.4 yetu ilikuwapo. Hakuna aliyeifuta. Ila hapakuwa na kura za kuifungulia.

Ndugu wanachama, hapo ndipo penye somo la leo. *Kura ya maoni ilijenga mlango. Ufunguo wake ni kura ya uchaguzi mkuu, na unatengenezwa upya kila baada ya miaka mitano.* Mlango mzuri usio na ufunguo ni sawa na ukuta.

Machi 2019 tulishusha tanga tukapandisha jingine, tukaingia 2020. Mnakumbuka Oktoba ile. Watu walipoteza maisha, wengine walikamatwa, na matokeo yaliyotangazwa yalikuwa asilimia 76 kwa Dk. Hussein Mwinyi na karibu 20 kwa Maalim. Hatukuyakubali moyoni. Lakini yalivuka kumi. Disemba ya mwaka ule, baada ya vikao vizito na baada ya matawi kuulizwa, Maalim aliapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza. Februari 17, 2021 akatangulia mbele ya haki. Mola amrehemu. Alikufa akiwa ndani ya mlango ule, akiwa amezomewa kwa ajili yake na akiwa ameusimamia mpaka mwisho.

*6. MAJIBU YA KAMATI KWA KAULI TATU*

*Kwa anayesema hapigi kura:* tunakuelewa na hatutakuita msaliti. Lakini umeshaona 2016 ilivyokuwa. Kutokwenda hakukuacha nafasi wazi ikisubiri. Palijazwa na wengine kwa miaka mitano. Kura yako ikikaa nyumbani haihesabiwi kuwa ni malalamiko, haihesabiwi kabisa.

*Kwa anayesema hataki Umoja wa Kitaifa:* una haki ya kusema hivyo. Lakini jambo lile si la chama wala si la Kamati. Liliamuliwa na wananchi, na la kuamuliwa na wananchi huondolewa na wananchi. Tukisema leo tuling'oe kwa hasira, tutakuwa tunamsaidia yule ambaye angependa sana lisiwepo. Madai yetu yawe mengine: kwamba maridhiano yasiwe badala ya kuhesabu kura. Asilimia 66.4 haikusema kura ziibiwe kisha mwenye kuibiwa apewe cheo cha kumfuta machozi. Ilisema kura zihesabiwe kwa haki, kisha wote wawili wakae pamoja. Nusu ya pili bila ya nusu ya kwanza haijakamilika, na nusu ya kwanza ndiyo kazi ya Oktoba.

*Kwa kijana aliyeuliza imempa nini:* imekupa utoto ambao kaka zako hawakuupata. Hukukua ukikatazwa kucheza na mtoto wa jirani. Duka ulilokuwa ukitumwa ni la mtu wa chama kingine na hukujua. Hilo halionekani kwa sababu ni kama maji mtungini, mpaka yakauke. Lakini umeuliza vizuri, na tunakuomba swali lako uje nalo kila kikao, kwa sababu ajira, bei ya unga na umeme havijajibiwa na Makamu yeyote, na tunayo haki ya kudai.

*7. MAAGIZO YA TAWI*

Kwa sababu hiyo, Kamati imeazimia yafuatayo na kikao kimeyakubali:

1. *Majina.* Kila balozi wa nyumba atapita kuhakikisha wanachama wake wana kadi ya kupigia kura na majina yao yamo kwenye daftari. Jina lisiloonekana liletwe tawini mapema. Siku ya kura si siku ya kutafuta jina.

2. *Mawakala.* Hii ndiyo inayotutia wasiwasi. Vituo vyetu ni vitano, na mpaka leo waliojitolea ni wanne, bila ya akiba hata mmoja. Wakala anahitaji moyo na utulivu kuliko sauti kubwa: anakula kiapo, anakaa tangu sanduku likiwa tupu, anahesabu, anasoma fomu kabla ya kutia saini, na anatoka na nakala yake mkononi. Bila ya nakala ile, malalamiko yetu yatabaki maneno ya barazani. Uchaguzi uliopita kituo kimoja hatukuwa na nakala kwa sababu wakala wetu alikwenda kula na hakurudi. Tunalisema hili bila ya kumtaja, na yeye mwenyewe ameshaomba radhi.

3. *Wapiga kura wapya.* Mwaka 2010 karatasi ilikuwa moja. Oktoba hii mtapewa tano: Rais wa Zanzibar, Mwakilishi, Diwani, Rais wa Muungano na Mbunge. Jumuiya ya wanawake itapita kuwafundisha vijana na wazee namna ya kutia alama bila ya kuharibu kura.

4. *Ulimi.* Ni marufuku kwa mwanachama wa tawi hili kutuma humu matusi ya kabila, ya asili, au ya Unguja na Pemba. Atakayetuma ataondolewa kwenye kundi, hata akiwa mjumbe wa Kamati.

5. *Majirani.* Msiba ni wa wote. Tukisikia mwanachama wetu hakwenda mazikoni kwa sababu ya bendera ya marehemu, tutamwita.

6. *Amani.* Tutadai haki kwa karatasi, kwa mashahidi na kwa wingi wetu kwenye foleni. Mtu asichokozeke. Mwenye kutafuta sababu asiipate kwetu.

*8. KUHITIMISHA*

Ndugu wanachama, leo asubuhi mzee mmoja wa tawi hili alitwambia kwamba siku ya kura ya maoni alitangulia kituoni kabla hakujapambazuka, na aliyekuwa mbele yake ni jirani yake wa CCM ambaye walikuwa hawajaamkiana tangu 1995. Walikaa pale saa nzima. Hakuna aliyejua mwenzake atasema Ndiyo au Hapana, na mpaka leo hawajaambiana. Lakini jirani alikuwa na chupa ya chai, akamimina kikombe, akampa. Mzee anasema alikinywa.

Tunakutakeni Oktoba hii mwende mapema. Na mwenye chai aende nayo.

Mwenyezi Mungu ailinde Zanzibar, atupe haki pamoja na amani, na asitufanye tuchague moja kati ya hizo.



*Imetolewa na:*
Kamati ya Utendaji ya Tawi
31 Julai 2025

_Wanaotaka kujitolea uwakala waje ofisini kwetu Jumamosi baada ya adhuhuri. Kufuli limeondolewa. Njooni na vitambulisho._